Mombasa wikendi nzima, watu wawili, elfu kumi

Nimechoka kusikia ati Mombasa ni ya watu wenye pesa. Kila nikisema nataka kushuka na rafiki yangu siku mbili tatu mtu ananiambia kwanza tafuta elfu thelathini, lipia nyumba Nyali yenye swimming pool, usikae mjini kuna joto na kelele. Joto? Sisi ni watu wa Voi jamani, joto tumezaliwa nalo.

Na ubaya ni kwamba mwaka jana tuliwasikiliza. Rafiki yangu nitamuita Mwalimu kwa sababu ndiyo kazi yake na ndiyo tabia yake pia, hata ukimsalimia anakusahihisha. Tukaona nyumba kwenye simu, bwawa la buluu, taulo zimekunjwa kitandani mfano wa bata, tukatuma dipoziti tukijiona matajiri. Tumefika, nyumba ipo. Taulo zipo, bata yupo. Bwawa pia lipo. Maji ndiyo hayapo. Ndani kuna majani makavu, kiti kimoja cha plastiki na paka na watoto wake watatu, tena paka ametuangalia kama sisi ndio tumemuingilia kwake. Mlinzi anatuambia yatajazwa Jumatatu, na sisi tunaondoka Jumapili. Sa Mwalimu alikuwa amenunua nguo ya kuogelea, mpya, ya rangi ya chungwa, na yule mtu hapotezi pesa. Saa nane mchana akaivaa, akavaa miwani ya jua, akashuka kwa ngazi ndani ya bwawa, akakaa kwenye kile kiti pamoja na paka. Nikamuuliza unafanya nini akasema "nimelipia." Picha ninayo. Halafu nyumba yenyewe ilikuwa mbali na kila kitu, ukitaka mkate ni tuktuk, ukitaka maji ya kunywa ni tuktuk, Jumapili saa tatu asubuhi tulikuwa stendi tumebaki na nauli tu.

Basi mwaka huu nikasema tunafanya kwa akili yangu. Elfu kumi, pesa taslimu, ndani ya bahasha, bahasha ikae kwa Mwalimu, na M-Pesa hakuna mtu kugusa. Hiyo ya pesa taslimu nawaambia ni dawa, simu inakudanganya, ukitoa mia mbili kwa simu huumii lakini ukitoa noti moyo unauma. Na kulala ni kisiwani, mjini kwenyewe, siyo Nyali wala Bamburi, ili jioni usihitaji gari.

Tulitoka Voi Jumamosi alfajiri na basi, kama mia sita hivi kila mmoja. Treni ya SGR nayo inasimama Voi lakini inakushusha Miritini na kutoka hapo unaanza safari nyingine, mimi sina subira hiyo. Tulipitia Mackinnon Road, dereva akapunguza mwendo pale kwenye msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah kama wanavyofanya madereva wengi, halafu tukakwama Mariakani na malori, kama kawaida.

Lojing tulipata pembezoni mwa Mji wa Kale, elfu moja mia tano chumba cha vitanda viwili na feni inayolia kama cherehani. Hatukubuku mapema, tulitembea tu tukipiga hodi, ya tatu ndiyo tukapenda. Mama mwenye nyumba alituangalia juu mpaka chini akauliza, "Mwatoka wapi wanangu?" Tukasema Voi. "Ah, basi joto mwalijua. Mlango wangu hufungwa saa tano, mkichelewa mtalala barazani." Nilimpenda papo hapo.

Sasa nije kwenye ujanja wangu, huu nauringia mpaka kesho. Mji wa Kale na sisi nyuso zetu zinasema bara kutoka mbali, ukiuliza "hii ni pesa ngapi?" kwa lafudhi yetu bei inapanda kabla hujafunga mdomo. Mwalimu kwanza alijaribu kuongea Kimvita, Kiswahili cha Mombasa. Akamwendea kijana wa viazi karai akasema, "Nduu yangu, nataka viazi vyapi, wauza vipi vino?" Kijana akanyamaza. Akamwangalia. Akamuuliza kwa upole kabisa, "Dada, wewe ni Mtaita?" Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka mpaka mmoja akashikilia ukuta. Mimi nikarudi nyuma nikasubiri. Akaja mama mmoja wa buibui na kikapu, akasema nipe sahani moja tia ukwaju mwingi na chatini ya nazi, akalipa, nikahesabu sarafu zake kwa macho, nikasogea pale pale nikasema "na mimi hivyo hivyo." Basi! Hivyo hivyo, bei ile ile, ukwaju ule ule mwingi. Wikendi nzima sikuuliza bei tena. Mahamri na mbaazi asubuhi, hivyo hivyo. Kahawa tungu kwenye dele jioni, hivyo hivyo. Mishkaki, hivyo hivyo. Siri ni usiwe na haraka na umchague mama mwenye kikapu, wale wenye kikapu hawaibiwi. Ila mara moja ilinigeuka, mama niliyemfuata alikuwa ameagiza pilipili ya watu wanaojua pilipili, nikala huku machozi yananitoka na Mwalimu ananiambia "malizia, imelipiwa."

Jambo lingine, huko ukisikia muuzaji mwanamke anakuita "shoga" usiruke, ni rafiki tu, wanawake huitana hivyo. Mwalimu mara ya kwanza alitaka kutoa mhadhara.

Fort Jesus tuliingia mchana. Kiingilio cha Mkenya hakikuvunji mguu, beba kitambulisho tu. Mwalimu akakataa mtu wa kututembeza, ati yeye anafundisha historia, kwa nini alipe mtu. Akaanza kunipeleka kuta kwa kuta na kidole juu, hapa ndipo Vasco da Gama alijenga, hapa alilala. Kumbe kuna mzee amekaa kivulini karibu na mizinga anatusikiliza. Akakohoa. "Binti yangu, Vasco alipita hapa 1498. Ngome Wareno walianza kuijenga 1593. Huyo ashakufa karibu miaka sabini, alijengaje?" Kwa mara ya kwanza tangu darasa la tatu nikaona Mwalimu amesahihishwa, na hiyo peke yake ilikuwa na thamani ya kiingilio. Mzee akatuhadithia vile Waomani walivyoizingira tangu 1696, karibu miaka mitatu watu wamefungiwa ndani wakifa kwa njaa na maradhi, mpaka 1698 ikaanguka. Alisema polepole akiwa ameegemea ukuta wa matumbawe kama anaongelea nyumba ya jirani. Tulimpa mia mbili, Mwalimu ndiye aliyetoa, tena bila kulalamika.

Jioni watu hulipa maelfu kwenda kula kwenye jahazi machweo. Sisi tulipanda feri. Ya Likoni, ndiyo, ile ile, wa miguu hawalipi. Unavuka, unashuka Likoni, unazunguka, unaingia tena. Tulivuka mara nne. Ile saa ya watu kutoka kazini kaa pembeni kwanza kwa sababu geti likifunguka ni mbio, utasukumwa mpaka Likoni bila kutumia miguu yako. Tulipata pa kusimama kando ya chuma, meli kubwa ya makontena ikapita ikielekea Kilindini, feri ikaisubiri, upande mmoja jua linazama nyuma ya kreni za bandari na upande wa bahari mwezi mzima unatoka, mkubwa, mwekundu kama chungwa la Malindi. Mwalimu akatoa simu apige picha, askari akamwambia rudisha, hapa hairuhusiwi, akairudisha. Kisha tukatembea mdogo mdogo barabara ya Mama Ngina chini ya mibuyu, mihogo ya kuchoma na ndimu na pilipili mkononi, bahari inapiga mawe kule chini. Hapo tulikuwa tumetumia kama elfu nne na kitu, sikumbuki vizuri.

Sasa ule mwezi ningekuwa na akili ungeniambia kitu. Jumapili tukapanda matatu mpaka ufukwe wa Pirates, tukafika saa nne asubuhi, Mwalimu na ile nguo yake ya chungwa ndani tayari ameivaa, hatimaye. Bahari haipo! Imeondoka! Ni mchanga na majani ya bahari na vidimbwi, maji yako huko mbali kwenye mwamba. Mwalimu akaniangalia vile alivyoliangalia lile bwawa. Nikasema si tuyafuate? Tukayafuata, nusu saa tunatembea kwenye matope na mawe, maji yakafika magotini, nikakanyaga karibu na kile kidude cheusi cha miiba, nikapiga ukelele, tukarudi. Muuza madafu alikuwa ametuona tangu mwanzo. "Leo bamvua, mwezi ushajaa. Saa hizi maji yakupwa, mngoje yajae, saa nane mtaoga." Nikamuuliza mbona hukutuambia tukienda. Akasema, "Hamkuuliza, mlikuwa mwenda kwa haraka."

Kwa hivyo wewe unayesoma, bamvua ndiyo zile siku maji hupwa mbali sana na kujaa sana, kama mwezi umejaa au ndio umeandama usiende pwani asubuhi ya saa nne, nenda mchana. Sisi tulitandika leso chini ya mvinje, tukanywa madafu, tukalala usingizi wa kukoroma, na saa nane na nusu maji yalikuwa yamerudi yenyewe mpaka karibu na viatu vyetu. Mwalimu aliogelea saa nzima. Mimi nilikodi tairi kwa sababu kuogelea sijui, nikaelea kama boya.

Tulipofika Mwembe Tayari kupanda basi tukahesabu bahasha, baada ya nauli imebaki mia tatu arobaini. Nikafurahi sana, nikanunua mabuyu na achari za watoto, nikamwambia Mwalimu unaona, nilikwambia mimi, elfu kumi inatosha na chenji juu. Akanyamaza. Tulipopita Mazeras akajikuna kifuani, akatoa noti ya elfu iliyokunjwa ndogo kama hirizi. Ati ya dharura, ameitoa kwenye bahasha tangu Ijumaa usiku. Jumamosi nilimuomba sahani ya pili ya viazi akaniambia bajeti hairuhusu, nikalala na njaa nikisikiliza ile feni.

Sikumsemesha mpaka Maungu.