Nikafanya Shauri na Nafsi Yangu

Wapendwa, Bwana asifiwe. Somo la juma hili ni Nehemia 5:1–13. Lisome lote kwanza, ikiwezekana kwa sauti, halafu urudi kwenye mstari wa 7. Mimi nilikwama hapo siku tatu.

Nehemia, Myahudi aliyekuwa mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi, yuko katikati ya kuujenga upya ukuta wa Yerusalemu uliobomolewa. Nje kuna maadui wanaotishia kuja kuua wajenzi, na ndani watu wake wenyewe wanalia. Njaa imewabana. Wengine wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka. Wengine wamekopa fedha za kulipa kodi ya mfalme, na watoto wao wanaingizwa utumwani. Wanaowadai si wageni, ni ndugu zao Wayahudi. Kilio kinamfikia Nehemia, naye anaandika bila kujificha kwamba alikasirika sana. Kisha inakuja sentensi fupi ambayo kwa miaka nimeipita mbio: "Ndipo nikafanya shauri na nafsi yangu." Baada ya hapo ndipo anawakabili wakuu, wale waliokuwa wakiwatoza ndugu zao riba.

Kilichonisimamisha ni jambo lililotokea nyumbani kwetu. Mama anaumwa kwa muda mrefu sasa, na dada yangu mkubwa ndiye anayekaa naye. Usiku mmoja aliandika kwenye kundi la familia la WhatsApp: "Wengine mnajua kuuliza tu mama anaendeleaje. Kuja kumgeuza kitandani hamjui." Hakutaja jina, lakini nilijua ananisema mimi.

Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, taa imezimwa, mwanga wa simu ukinipiga usoni. Masikio yalipata moto. Niliandika jibu refu, lenye tarehe, lenye hesabu ya kila nilichowahi kutuma, na ndani yake nikachomeka jambo la zamani sana ambalo nilidhani nimeshamsamehe. Kidole gumba kilikuwa kinaning'inia juu ya alama ya kutuma. Hapo nikahisi taya linauma. Nilikuwa nimeyakaza meno muda wote huo bila kujua. Yale maumivu madogo ndiyo yaliyonishtua. Nikailaza simu kifudifudi juu ya shuka.

Sikuwa na sala ndefu. Nilisema tu, "Bwana, nimeumia," nikanyamaza. Lile jibu liliendelea kujiandika lenyewe kichwani, tena likizidi kuwa kali. Kila liliporudi sikupigana nalo. Nilivuta pumzi, nikaitoa polepole, nikarudia maneno yale yale. Ilipita kama nusu saa ndipo hasira ikasogea kidogo, na nyuma yake nikakuta hofu. Mama anapungua. Namwona akipungua katika kila picha inayotumwa, nami nilikuwa nimejitafutia njia ya kutouona mwili ule kwa karibu: kuuliza kwa simu. Dada aligusa pale pale.

Sasa turudi kwa Nehemia. Angalia anachosema baada ya kufanya shauri na nafsi yake. Anawakemea wakuu waziwazi, anaitisha mkutano mkubwa, hampaki mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Lakini ukifika mstari wa 10 anasema yeye pia, na ndugu zake, na watumishi wake, wanawakopesha watu fedha na ngano, na anaomba, "tuiache riba hii." Hasemi "iacheni" peke yake. Amejikuta ndani ya shauri. Naamini hilo ni tunda la ule muda mfupi wa mstari wa 7, kwa sababu mtu aliyetoka moja kwa moja kwenye hasira kwenda kwenye mkutano angekuwa na orodha ya makosa ya wengine tu, kama ile niliyoiandika mimi gizani.

Nehemia alikuwa ameshajifunza mwendo huu. Katika sura ya 2 yuko mbele ya mfalme Artashasta na divai mkononi, amebeba huzuni ya Yerusalemu tangu mwezi wa Kisleu hadi Nisani katika kalenda ya Kiyahudi, kama miezi minne. Mfalme anaiona huzuni usoni pake na kumuuliza sababu, naye anakiri kwamba aliogopa sana. Mfalme anauliza tena, "Una haja gani unayotaka kuniomba?" Kati ya swali hilo na jibu lake, Nehemia anamwomba Mungu wa mbinguni. Mfalme anasubiri jibu, kwa hiyo sala hiyo haiwezi kuwa imezidi pumzi moja au mbili. Hofu haikuondoka kwanza ndipo akaomba. Aliomba akiwa anaogopa, kisha akafungua kinywa.

Wengi wetu tumefundishwa kwamba mwamini anapobanwa, akihisi kifua kimejaa, basi imani imepungua, kwa hiyo tunakimbilia kuimba kwa sauti kubwa zaidi au kujishughulisha mpaka tusihisi. Mimi siamini hivyo tena. Zaburi 4:4 inatuambia tusitende dhambi, tutafakari vitandani mwetu na kutulia. Neno la Kiebrania linaloanza mstari huo linabeba maana ya kutetemeka, iwe kwa hofu au kwa hasira. Zaburi inamkuta mtu akiwa tayari anatetemeka, na inampeleka kitandani, kwenye ukimya, mahali ambapo hakuna wa kumjibu. Paulo anauchukua mstari huo huo katika Waefeso 4:26, akiongeza kwamba jua lisituchwee tukiwa na hasira. Niliwahi kuuelewa mstari huo kana kwamba kila ugomvi lazima uishe usiku ule ule, na nimeharibu mambo mengi saa tano za usiku kwa kulazimisha mazungumzo. Siku hizi nauelewa kwamba nisiilee hasira, nisiilishe. Kuna jibu linalohitaji kulala.

Niseme pia jambo moja kwa uzito wote. Kama unapigwa, au unatishiwa, au mtoto yuko hatarini, tafakari hii haikuambii ukae kitandani uvute pumzi. Ondoka mahali hapo, mwambie mtu unayemwamini, tafuta msaada leo. Nehemia aliposikia kwamba maadui wanakuja, katika sura ya 4, watu walimwomba Mungu na wakaweka walinzi mchana na usiku. Walifanya yote mawili.

Asubuhi nilifuta lile jibu bila kulisoma tena, nikampigia dada. Nilimwambia, "Dada, ulichoandika ni kweli. Ninaogopa kumwona mama alivyo." Alikaa kimya. Nikasikia maji yakimiminika kwenye beseni upande wake. Akasema, "Hata mimi naogopa. Ila mimi niko hapa." Maneno hayo yalinichoma kuliko yale ya kwenye kundi, na safari hii niliyaacha yanichome.

Nimekwenda tangu siku ile. Dada amenifundisha kumgeuza mama: mkono mmoja begani, mwingine kwenye nyonga, unamvuta kuelekea kwako taratibu, kisha mto nyuma ya mgongo ili asirudi chali. Kila saa mbili, ili ngozi isifanye vidonda. Bado tunakwaruzana, hasa usiku wa manane tukiwa tumechoka. Juzi nilihisi taya linakaza tena, nikatoka nje ya mlango, nikasimama hapo mpaka nikajua ni nini hasa kinachoniuma, nikarudi ndani kushika upande wangu wa shuka.

Tuombe. Ee Mungu wa mbinguni, uliyemsikia Nehemia hata mfalme hajamaliza kusubiri, utusikie na sisi tunapokaza meno. Wako ndugu zetu wanaosoma hapa wakiwa na maneno tayari kwenye ulimi. Wako walioandikiwa neno la kuumiza na hawajalala. Kaa nao katika kimya hicho, uwaonyeshe kilicho nyuma ya hasira yao, hata kama ni kitu wasichotaka kukiona. Uwakumbuke wanaouguza wazazi, na wazazi wanaogeuzwa kitandani usiku huu. Kwa jina la Yesu, amina.