Kumwombea kura mtu niliyezijua kasoro zake

Uchaguzi mkuu wa Kenya wa Agosti 9, 2022 ulinikuta nikimfanyia kampeni mgombea wa uwakilishi wadi ambaye, nikisema kweli, nisingemkopesha pesa. Alikuwa ameshika kiti hicho muhula mmoja na kutuahidi tangi la maji katika kijiji chetu huko Kilifi, lakini tulichopata ni nguzo nne za saruji ambazo watoto walizigeuza magoli. Hata hivyo, ndiye aliyeifuatilia bajeti ya kaunti mpaka zahanati yetu ikapata muuguzi wa pili, ilhali mpinzani wake mkubwa aligawa unga na leso bila kueleza angefanya nini.

Mwanzoni nilikosea kwa kumtetea. Kila nilipoketi kwa shangazi yangu, ambaye huuza mahamri alfajiri na kwake ndiko habari zote hupitia, nilieleza jinsi fedha za kaunti zinavyochelewa kutoka Nairobi, jambo ambalo ni kweli, lakini kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoonekana nimelipwa. Siku moja akaniuliza, huku akigeuza mahamri karaini, "Mwanangu, zile nguzo wewe huzioni?" Nikamjibu kwamba naziona, na zinaniudhi.

Tangu siku hiyo nilianza na nguzo kabla watu hawajanitajia. Wengi wa waliokata tamaa walikuwa wakienda kumchagua rais kwa vyovyote vile; walichopanga ni kuitumbukiza karatasi ya sita, ya mwakilishi wadi, bila alama. Niliwaeleza kwamba urais hauamuliwi bila kuvuka nusu ya kura, lakini kiti cha wadi hakina duru ya pili, bali anayemzidi mwenzake hata kwa kura moja huondoka nacho, kwa hiyo karatasi tupu ingemfaa mgawa unga. Hoja hiyo iliwaingia wengi kuliko sifa zozote nilizokuwa nimezipanga.

Kisha nikamleta mgombea mwenyewe, bila gari la vipaza sauti, akaketi jamvini na akina mama kumi na wawili. Alipoanza hotuba, shangazi alimkatiza: "Anza na nguzo, baba." Akanyamaza kidogo, halafu akakiri kwamba alilitangaza tangi kabla fedha zake hazijapitishwa. Sijui kama alikuwa amepanga kukiri. Nadhani alibanwa tu, lakini nilimwona mama mmoja aliyekuwa amempa mgongo akigeuka kumtazama.

Si wote waliokubali. Mzee mmoja jirani alinikatalia mara mbili, nami sikurudi mara ya tatu, kwa kuwa huko kungekuwa kumvunjia heshima.

Mgombea wetu alishinda kwa tofauti ya kura chache. Shangazi, ambaye alikuwa amemwomba namba ya simu pale jamvini, alimpigia kuhusu zile nguzo kabla mimi sijapata nafasi ya kumpongeza.