Mashine ya matundu: itazame inavyotoka kwenye mbao

Viti ninavyotengeneza nyuma ya nyumba hapa Morogoro vinashikwa kwa tundu na ulimi: ncha ya mbao moja inachongwa ulimi unaoingia kwenye tundu la nyingine. Kiti chenye mbao za kuungia miguu juu na chini, pande zote, kina matundu 16. Kwenye mninga mkavu, kuyachonga yote kwa patasi na nyundo kunamaliza siku. Kwenye mkongo kunamaliza na mikono.

Kwa ambaye hajaiona, mashine ya kuchonga matundu hayo ina patasi ya mraba iliyo wazi katikati, na ndani yake inazunguka biti ya kutobolea. Biti inachimba, patasi inaifuata nyuma ikikata kona nne. Patasi haizunguki, inasukumwa chini kwa nguvu ya mkono wako kupitia mpini mrefu.

Ukiingia dukani Gerezani, Dar es Salaam, muuzaji anaanza na mota: "Fundi, hii waya wake ni kopa tupu." Sawa, ila nusu hospawa inatosha kabisa kwa kazi ya nyumbani yenye patasi za milimita 6 hadi 12. Mimi naanza na kibano kinachoshikilia mbao isinyanyuke. Patasi ikishazama, mbao inaing'ang'ania pande zote nne, na ukiinua mpini, mbao nayo inapanda. Kibano kikiwa kibati chembamba kilichoshikwa na skrubu moja, mbao itanyanyuka upande mmoja na mdomo wa tundu utachanika. Mashine nyingi za bei rahisi zinashindwa hapo, wakati wa kutoka. Kwa hiyo nakishika kibano palepale dukani na kukivuta juu kwa nguvu. Kikicheza, naiacha hata kama bei inavutia.

Kisha nenda na kipimo chako mwenyewe cha pembe mraba. Ukingo wa kuegemezea mbao uwe wima sawasawa na meza, na usisogee ukiukaza. Patasi isipokaa sambamba na ukingo, hata kidogo tu, kuta za tundu refu zinatoka na meno kama msumeno, na ulimi hautakaa.

Badala ya mashine nzima, kuna kifaa cha kufunga kwenye drili ya mezani. Ni nafuu, na anayetengeneza meza moja kwa mwaka kinamtosha. Lakini mpini wa drili ni mfupi, mbao ngumu inakutaka uulalie, na kikishafungwa drili haitoboi kitu kingine mpaka ukifungue. Zile kubwa za kusimama, zenye meza inayosogezwa kwa gurudumu, ni tamu sana, ila nyingine zinataka umeme wa fezi tatu. Hizo ziende kwa mafundi wa Keko wenye oda za milango kila wiki.

Mashine ya mtumba nayo iangalie kibao cha maelezo kwenye mota. Iliyotoka Marekani kwa volti 110 na hezi 60 itahitaji transfoma, na hata ukiipata, kwa hezi 50 zetu mota itazunguka polepole zaidi. Pima pia unene wa shina la patasi, yaani sehemu inayoingia kwenye mashine. La milimita 19 ni la kawaida. Likiwa la kipimo cha ajabu, siku patasi ikivunjika mashine imekufa.

Mimi nilichukua ndogo ya mezani, kibano chake chuma cha kusubu. Patasi zilizokuja nayo nilizinoa kwanza, maana za dukani mara nyingi hukwangua badala ya kukata. Kati ya mdomo wa biti na patasi naacha milimita moja hadi moja na nusu. Vikigusana vinapiga kelele, chuma kinageuka bluu na makali yamekwisha. Wala sichimbi mashimo yakifuatana, kwa sababu patasi hukimbilia upande ulio wazi. Natoboa moja, naruka nafasi ndogo kuliko upana wa patasi, natoboa jingine, halafu narudi kuondoa vipande vilivyobaki katikati. Kwa mbao ya milimita 30 natumia patasi ya 10, theluthi ya unene, na kila upande unabaki na nyama ya kutosha.