Usiku wa 641

Jana umeme ulikatika hapa Arua, Uganda, kabla sijafunga hesabu za duka. Nikawasha taa ya sola, nikafungua daftari la madeni ukurasa wa mwisho, nikaandika namba iliyonikaa kichwani wiki nzima: 4,294,967,297.

Kwa shilingi yetu namba hiyo haitishi. Bilioni nne na ushei tunazisikia redioni kila barabara inapojengwa. Lakini hii ilimponyoka mwanahisabati Fermat. Mwaka 1640 Mfaransa huyo aliona kwamba ukichukua 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 au 16, kisha ukaongeza 1, unapata 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote namba tasa, yaani zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Akaamini kuwa mfululizo utaendelea hivyo milele. Inayofuata, 2 kwa kipeo cha 32 na 1 juu yake, ndiyo hii niliyoiandika.

Mwaka 1732 mwanahisabati mwingine, Euler, akaivunja: akaonyesha kuwa si tasa. Kanuni aliyoithibitisha inasema kigawo chochote tasa cha namba hii, ukikigawanya kwa 64, lazima kibakishe 1. Kwa hiyo huhitaji kupapasa maelfu ya namba. Unaanza na 193, 257, 449, 577, 641.

Nikazigawanya kwa kalamu. 193, baki 109. 257, baki 2 (hii iliniuma, ilikuwa karibu mno). 449, baki 325. 577, baki 288. Kwa 641 nilikwenda polepole, tarakimu moja moja, mpaka mwisho: baki sifuri. Jibu 6,700,417. Nilipiga meza.

"Mjomba, kuna mtu amelipa deni?" akauliza mpwa wangu kutoka chumba cha ndani.

Nikamwita. Nikamwambia, chukua shilingi hizi zote, wape watu 641, kila mmoja atapata 6,700,417 na haitabaki hata moja. Hakuniamini. Akachukua kalamu, akazidisha kurudi nyuma, akazikuta zote.

Fermat namfikiria kwa huruma. Kanuni mama ya njia ile aliitaja yeye mwenyewe, mwaka huohuo wa 1640. Alikuwa na ufunguo mkononi, na mlango ulikuwa mgawanyo wa tano tu! Na 641 si namba ya kujificha: ni 5 mara 128 na 1, tena ni 625 na 16. Mpaka leo hakuna tasa ya sita iliyopatikana katika mfululizo wake.

Mpwa wangu akataka inayofuata. Nikamwandikia: 18,446,744,073,709,551,617. Hapa vigawo hubakisha 1 kwa 128, kwa hiyo tasa ya kwanza kujaribu ni 257. Umeme uliporudi hakuinua kichwa. Alikuwa amefika mwisho wa mstari, na baki ilikuwa 2 tena.