Marejeo Yasiyokuwapo

Tangu ChatGPT, programu inayoandika na kujibu maswali, ifunguliwe kwa umma mwishoni mwa Novemba 2022, mjadala wa vyuoni kuhusu akili mnemba umekuwa ukizunguka swali la kuiruhusu au kuipiga marufuku. Kwa maoni yangu swali hilo limekwisha kupitwa, kwa kuwa wanafunzi wanaitumia, na wahadhiri, tuseme ukweli, wanaitumia pia. Linalonishughulisha mimi, ninayesoma rasimu za tasnifu mwaka mzima, ni kurasa za mwisho: orodha ya marejeo.

Rejeo lililobuniwa na programu hizi nimelizoea sasa. Jina la mwandishi ni la mtaalamu halisi wa uwanja husika, jarida lipo, na mwaka, juzuu na namba za kurasa vimepangwa kwa APA, mtindo maarufu wa kuandika marejeo, bila hata mkato kukosewa. Ukilifungua juzuu lenyewe, katika kurasa hizo unakuta makala nyingine kabisa. Ukibonyeza kiungo, kinakupeleka kwenye utafiti wa uvuvi ilhali mwanafunzi anaandika kuhusu fonolojia. Programu haikukusudia kudanganya, maana imejengwa ili kukisia neno linaloelekea kufuata yale yaliyotangulia, na rejeo, kwa umbo lake lisilobadilika, hukisiwa kwa urahisi mno. Mwanafunzi mzembe wa zamani alijulikana kwa tahajia mbovu. Huyu wa sasa kila kitu chake ni safi isipokuwa ukweli.

Wanasheria wawili wa New York waliyaona hayo Juni 2023, pale jaji alipowatoza wao na ofisi yao faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Katika mkasa huo, mmoja wao alikuwa ameiuliza programu hiyohiyo kama kesi zile ni za kweli, nayo ikamhakikishia kuwa ni za kweli.

Jarida la kisayansi la Nature lilikwisha kutoa msimamo wake Januari 2023: programu haiwezi kuorodheshwa kuwa mwandishi, kwa sababu mwandishi hubeba dhamana ya kazi yake, na anayeitumia aeleze hivyo katika makala. Nauona ni msimamo wa haki. Mwanafunzi anayeandika kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi wetu ni lugha ya tatu, akiomba asahihishiwe sarufi ya sura ya nne na akatamka hivyo mwanzoni mwa tasnifu, sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na anayepakia kwenye programu hiyo mahojiano ya watafitiwa, baada ya kuwasainisha fomu inayosema kwamba maneno yao hayatamfikia mtu mwingine.

Wenzangu kadhaa hutegemea programu za kugundua maandishi ya mashine. Mimi siziamini. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba programu saba za aina hiyo, kwa wastani, ziliyahesabu zaidi ya nusu ya maandishi ya TOEFL, mtihani wa kupima Kiingereza, yaliyoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, kuwa ni kazi ya mashine. Julai mwaka huohuo OpenAI, waundaji wa ChatGPT, waliiondoa programu yao wenyewe ya ugunduzi kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Kumfelisha mtu kwa asilimia iliyotolewa na chombo kama hicho ni dhuluma.

Ninachofanya ni kumwita mwanafunzi. Aje na folda yenye makala zote alizozirejelea, nami nachagua chache bila mpangilio na kumwomba anionyeshe ukurasa ambamo hoja aliyoinukuu imeandikwa, kisha anieleze kwa maneno yake, kwa Kiswahili akipenda, mwandishi alikuwa akibishana na nani. Aliyesoma huanza kueleza hata kabla sijamaliza kuuliza. Makala isipopatikana, rejeo linafutwa pamoja na sentensi zote zilizolitegemea, hata kama sura ya pili, ya mapitio ya maandiko, itabaki na kurasa tatu.