Sanaa za Maonyesho Zipewe Kipindi, Zisisubiri Mgeni Rasmi

Ni nadra kuikuta shule ya sekondari ya serikali hapa Bagamoyo isiyokuwa na kikundi cha ngoma, kwaya au maigizo, na ni nadra vilevile kukuta ratiba ya masomo yenye kipindi cha sanaa hizo. Kikundi hukumbukwa pale mgeni rasmi anapotarajiwa, iwe ni kwa mahafali ya kidato cha nne, uzinduzi wa madarasa au ziara ya kiongozi wa wilaya. Siku chache kabla ya ugeni wanafunzi hutolewa darasani, hufundishwa wimbo uliopachikwa jina la mgeni, huvalishwa kanga za kuazima, hucheza dakika chache juani, hupigiwa makofi, kisha kikundi husahaulika mpaka ugeni mwingine. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili ambaye kwa miaka kadhaa nimekabidhiwa pia usimamizi wa sanaa shuleni kwetu, na ninaandika kutetea jambo moja: programu ya sanaa za maonyesho ndani ya shule ya kawaida ya umma ni somo, lenye mwalimu, kipindi, mazoezi na tathmini, na faida yake kubwa hupatikana katika mazoezi kuliko katika onyesho lenyewe.

Mji wetu una kila sababu ya kulifanya jambo hili vizuri. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, baada ya vikundi vya taifa vya ngoma, maigizo na sarakasi kuvunjwa, na baadhi ya wasanii wa vikundi hivyo wakawa walimu wake. Tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, au TaSUBa kama wengi tunavyoitaja. Tamasha lake la kimataifa, lililoanza mwaka 1982, huleta vikundi kutoka mikoani na nje ya nchi, na watoto wanaokulia jirani na viwanja vile huijua sindimba ya Wamakonde na bugobogobo ya Wasukuma kabla hawajaweza kuandika insha. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyeufikisha mlio wa ilimba, ile marimba ya kupigwa kwa vidole gumba, na zeze katika majukwaa ya dunia, alifundisha chuoni hapo na kuishi hapa Bagamoyo. Alifariki mwaka 2003, na ukoo wake haujaacha muziki. Hata hivyo, mtoto aliyekulia katikati ya utajiri huo akishavuka lango la sekondari hukuta kwamba ujuzi wake hauna nafasi katika ratiba, na asipobahatika kujiunga na chuo baada ya kidato cha nne, huenda asifundishwe tena na mtu yeyote.

Shuleni kwetu tulifanikiwa kupewa vipindi viwili mfululizo siku ya Jumatano, yaani dakika 80, na sehemu ya mwanzo ya muda huo huenda kwa ngoma zenyewe. Upepo wa bahari hulegeza ngozi, kwa hiyo ngoma iliyolala stoo hutoa mlio mzito usio na uhai, na haipigiki mpaka ikanzwe. Wanafunzi hukusanya makuti makavu, huwasha moto mdogo nyuma ya jiko la shule, kisha huinamisha ngoma ili uso wake uelekee moto bila kuukaribia mno, kwa sababu ngozi ya mbuzi ikizidishiwa joto hupasuka ukingoni, pale ilipopigiliwa vigingi. Mmoja wao hugonga kwa ncha za vidole, katikati kwanza na pembeni baadaye, akisikiliza jinsi mlio unavyopanda. Chapuo huwahi kukaza kwa kuwa ni ngoma ndogo, vumi, ile ngoma kubwa, huchelewa, na yule anayeharakisha ili apate kucheza haraka hujikuta akirudi motoni katikati ya mazoezi huku wenzake wote wamesimama kumsubiri. Mwalimu mwenzangu wa fizikia ameshawahi kuleta darasa lake pale pale motoni kufundisha mtetemo na mkazo, na sikumbuki kuwaona wanafunzi wake wakiuliza maswali mengi kama siku ile. (Mpishi wa shule, ambaye mwanzoni alitufukuza kwa ajili ya moshi, sasa ndiye mkosoaji wetu mkali kuliko wote, mdundo ukikosewa, hutoka nje na mwiko mkononi.)

Mgeni rasmi hayaoni hayo yote. Yeye huletewa ngoma zilizokwisha kukanzwa na wanafunzi waliokwisha kupangwa, naye huondoka akiamini kwamba vipaji vimejaa tele na havihitaji msaada wowote.

Baada ya ngoma hufuata sauti, na hapa ndipo ninapoona sababu kubwa zaidi ya programu hii kuwapo. Mwanafunzi anayetoka shule ya msingi iliyofundisha kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza na kukuta karibu masomo yote yakifundishwa kwa Kiingereza, na wengi hujifunza mapema kwamba kunyamaza ni salama kuliko kukosea. Kulikuwa na msichana wa kidato cha pili ambaye darasani alijibu kwa kunong'ona, macho yakiwa kwenye dawati, na katika igizo letu akaangukiwa na nafasi ya mama muuza samaki anayedai pesa yake. Tulimsimamisha chini ya mwembe, nami nikaenda kusimama kwenye ukuta wa maabara, upande wa pili wa uwanja, nikamwambia anidai kutoka pale alipo. Mara ya kwanza sikusikia kitu. Tukaweka maneno kando tukashughulikia pumzi: miguu iachane kidogo, mabega yashuke, pumzi itoke tumboni badala ya kooni, na mwisho wa sentensi usimezwe. Wenzake walimsaidia kwa kumwigiza mdaiwa jeuri anayezidi kusogea mbali. Hatimaye ilimtoka kwa ukamilifu, "Kaka, samaki umekula, pesa yangu iko wapi?", na fundi aliyekuwa akipaka rangi dirisha la maabara akageuka haraka kutazama ni nani anayedaiwa.

Hatuanzii patupu. Wanafunzi wetu wengi wamelelewa madrasa na wameimba kaswida tangu wakiwa wadogo, na wengine wametoka katika kwaya za kanisani. Makundi haya mawili huja shuleni yakijua kuvuta pumzi pamoja, kusubiri zamu ya kiitikio na kumsikiliza kiongozi bila kumtazama. Ninachokipinga ni ile dhana ya kwamba kwa kuwa wanajua kuimba, basi hakuna cha kuwafundisha. Anayejua kuongea bado hufundishwa Kiswahili mpaka kidato cha nne, na hakuna anayeshangaa.

Kuhusu Kiswahili chenyewe, muhtasari wetu wa fasihi umejaa maonyesho ambayo hayaonyeshwi. Katika fasihi simulizi tunafundisha majigambo, ngonjera, miviga na vichekesho, tukiviorodhesha ubaoni pamoja na sifa zake. Katika fasihi andishi tunasoma tamthiliya kimyakimya, tunachambua dhamira na wahusika, kisha tunaandika majibu yatakayompendeza msahihishaji. Ngonjera, yaani mashairi ya majibizano ambayo mshairi Mathias Mnyampala aliyakuza ili yasemwe mbele ya watu katika miaka ya Azimio la Arusha, leo hukaririwa kama fasili. Sisemi kwamba uchambuzi hauna maana. Nasema mwanafunzi aliyewahi kusimama na kumjibu mhusika mwenzake uso kwa uso huelewa mgogoro wa tamthiliya kwa namna ambayo maelezo yangu ya ubaoni hayajawahi kuifikia, na majibu yake ya mtihani huwa na damu.

Wapo wanaosema kwamba sanaa zijengewe shule zake maalumu. Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa jiji la New York, ambako meya Fiorello LaGuardia alianzisha shule ya umma ya muziki na sanaa mwaka 1936, ikafuatiwa na shule ya sanaa za maonyesho mwaka 1948, na mwaka 1984 shule hizo zikawekwa katika jengo moja karibu na Lincoln Center. Anayetaka kuingia hufanyiwa usaili wa kipaji, na akishaingia husoma masomo ya kawaida pamoja na sanaa aliyoichagua. Ni utaratibu wa kuheshimika, lakini si wa kwanza ambao ningeutaka hapa kwetu, kwa kuwa shule ya namna hiyo humpokea aliyekwisha kujulikana kuwa ana kipaji. Programu iliyo ndani ya shule ya kawaida humpokea hata yule muuza samaki wetu wa chini ya mwembe, ambaye katika usaili wowote angerudishwa nyumbani. Ndiyo maana muhula wa kwanza hatumchagui wala kumkataa mtu. Kila anayekuja hupiga, huigiza, hushona, hushika daftari la mkumbushaji, yule anayewanong'oneza waigizaji maneno waliyoyasahau, na kubeba vifaa, na mgawanyo wa nafasi hufanyika baadaye, wakati kila mmoja ameshajua kwamba onyesho bila mkumbushaji na msimamizi wa mavazi halifiki mwisho.

Wazazi wana hofu zao, na sioni busara kuzidharau. Mama mmoja alikuja ofisini, tukaamkiana vizuri, kisha akanieleza bila kuzunguka: "Mwalimu wangu, mtoto nimemleta asome, ngoma ziko nyumbani tele." Nilimwelewa. Katika ukanda wetu wa Pwani neno ngoma hubeba pia mikesha, vigodoro na mabinti wanaorudi usiku wa manane, na mzazi anayehofia hayo hajakosea. Kwa sababu hiyo tumejiwekea masharti ambayo mzazi husomewa kabla hajatia saini: mazoezi hufanyika ndani ya saa za masomo, mavazi hukubaliwa na walimu wa kike pamoja na wawakilishi wa wazazi, na hatumpeleki mwanafunzi hata mmoja kutumbuiza hotelini, hata mwaliko uje na bahasha nene kiasi gani. Sharti hilo la mwisho limetugharimu, kwani hoteli za ufukweni hupenda watoto wenye ngoma na shule yetu hupenda fedha za kununulia ngoma. Silijutii. Programu ikishaanza kuuza maonyesho, mazoezi hugeuka matayarisho ya biashara, na wale wanaojifunza polepole ndio wa kwanza kuachwa nyuma.

Mashindano ya UMISSETA, yaani ya michezo ya shule za sekondari nchini, ambayo ndani yake kuna kwaya, ngoma na muziki wa kizazi kipya, yanasaidia kwa kiasi chake, hasa kuwafanya wakuu wa shule wakubali kununua vifaa. Nayo yana msimu, na msimu ukiisha vifaa hurudi stoo. Matumaini yangu makubwa zaidi yako kwenye Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la mwaka 2023, iliyofungua mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na stadi za kazi, katika sekondari na kuzitambua sanaa bunifu kuwa sehemu ya mkondo huo. Mtihani wa taifa wa sanaa za maonyesho kwa kidato cha nne ulikuwapo tangu zamani, ila shule zinazowasajili wanafunzi wake ni chache, kwa sababu walimu wake ni wachache na kila nafasi ya ajira inapotangazwa, sayansi na hisabati hutangulia. Bagamoyo ingeweza kuanza bila kusubiri ajira mpya, kwa kuwapokea wanachuo wa TaSUBa shuleni kama sehemu ya mafunzo yao kwa vitendo, chini ya usimamizi wa mwalimu aliyepo. Barua ya pendekezo hilo tumeshaiandika.

Limebaki suala la nani anasema nini jukwaani, ambalo ndilo gumu kuliko yote niliyoyataja. Mwaka 1996 wasomi wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Mlama na Amandina Lihamba, waliasisi TUSEME, mradi ulioingia katika sekondari na kuwawezesha wanafunzi, hasa wasichana, kuchunguza vikwazo vya masomo yao, kuvitungia maigizo, kuyaonyesha mbele ya walimu na jamii, kisha kuvijadili hadharani. Baadaye mbinu hiyo ilichukuliwa na FAWE, jukwaa la wanawake wa Afrika wanaotetea elimu ya wasichana, na kufika katika nchi nyingine za Afrika. Nguvu yake ilikuwa pale mwanafunzi alipoweza kumwonyesha mwalimu jambo ambalo asingethubutu kumwambia. Igizo tunalolitayarisha sasa linahusu wasichana wanaoishi mbali na shule, nauli isiyotosha, na dereva wa bodaboda anayejitolea kuwabeba bure kwa wiki kadhaa kabla ya kutaja malipo anayoyataka. Katika onyesho la tatu yumo mwalimu anayewachapa wachelewaji bila kuwauliza kitu. Mkuu wa shule aliomba kuona maandishi kwanza, na wanafunzi, kupitia mwakilishi wao, walimjibu kwa adabu kwamba igizo halina maandishi bado, maana linaundwa katika mazoezi. Tulikaa kikao kirefu. Tulichokubaliana ni kwamba atahudhuria mazoezi siku yoyote ya Jumatano anayoipenda, atauliza maswali kama mtazamaji mwingine, na jambo akiona si la kweli atalisema mbele ya waigizaji wenyewe nao wapate nafasi ya kumjibu. Lakini kufuta onyesho kabla hajaliona likichezwa, hapana. Ameshahudhuria, akaketi kwenye benchi la nyuma, na swali lake la kwanza lilikuwa kwa nini yule mwalimu wa onyesho la tatu hapewi nafasi ya kueleza kinachomfanya awe mkali. Waigizaji wanalifanyia kazi.