Ndizi za Bibi, mtumbwi wa Duluti na makaburi ya Tengeru

Jumamosi, usiku.

Miguu inaniuma na vumbi limeniingia hadi masikioni, lakini nikilala kabla ya kuandika, kesho nitakuwa nimesahau nusu.

Chanzo ni mtoto wa kaka yangu. Amekuja likizo kutoka Dar, ana miaka 11, na tangu ashuke kwenye basi wimbo wake ni mmoja tu: "Shangazi, lini tunapanda boti?" Kwao kuna bahari na pantoni ya Kigamboni, huku kwetu Arusha nimpandishe boti gani? Mito tunayo, Themi, Naura, Burka, ila ukiingiza mtumbwi kwenye Themi utaishia kuubeba begani kabla hujafika darajani. Mito yetu ni ya kumwagilia mchicha. Ndipo nikakumbuka Ziwa Duluti.

Tukapanda kifodi cha Usa River, tukashuka Tengeru. Nilisahau kwamba Jumamosi ni siku ya soko. Konda alitumwaga katikati ya mikungu ya ndizi, mama mmoja akanivuta mkono, "Dada, njoo uone mshale huu," aina ya ndizi za kwetu, na mimi bila kufikiri nikabonyeza ndizi moja kwa kidole gumba nikasema, "Dobre."

Hili neno nilieleze, maana ndilo lililoniweka macho hadi saa hizi. Bibi mzaa mama, Mungu amrehemu, alizaliwa si mbali na hilo soko. Alikuwa akichambua ndizi huku ananong'ona: dobre, dobre, dobre. Isiyokuwa dobre ilikwenda kwa mbuzi. Nyumbani kwetu sote tunalitumia hadi leo. Chai ikikolea ni dobre, mchumba akifaa ni dobre. Nikiwa sekondari nilimuuliza rafiki yangu Mmeru, akacheka akasema hicho si Kimeru, labda Kichaga. Wachaga wa bwenini wakasema ni Kimeru. Nikaacha kuuliza.

Kutoka barabarani hadi ziwani tulikwenda kwa miguu kati ya mashamba ya kahawa na migomba. Duluti ni dogo, hekta 60 hivi, shimo la volkano lililojaa maji na kuzungukwa na msitu wa hifadhi. Hakuna mto unaouona ukiingia wala kutoka. Bibi alikuwa akitutisha kwamba halina mwisho, ukidondosha sufuria humo utaikuta baharini. Vipimo vinasema kina ni kama mita 9. Hilo la mita 9 sikumwambia mtoto.

Kijana wa mtumbwi alitufunga majaketi ya kuelea. Langu lilikuwa na harufu ya samaki na kifungo kimoja kimekatika, nikawa nimelishika kwa mkono kama khanga. Tulikwenda polepole kandokando, chini ya matawi yaliyoinamia maji. Kenge mmoja alikuwa amejilaza juu ya gogo kama mwenye hati ya kiwanja. Minandi walianika mabawa. Mlima Meru ulikuwa umejifunika kama kawaida yake, tukaonyeshwa upande wa kuangalia tu. Mtoto aliruhusiwa kupiga kasia, tukazunguka palepale mara tatu, kijana akavumilia.

Tulipokaribia kushuka, akasema, "Wageni wakitoka hapa huwa wanaunganisha kule chuoni, kwenye makaburi ya Wapolandi. Nyie mmeshafika?"

Sijawahi. Nimepita barabara hiyo tangu nasoma shule ya msingi, nimeona kibao cha chuo cha mifugo mara zisizohesabika, na nilijua kwa juujuu kwamba kuna Wazungu wamezikwa humo. Nilidhani ni masetla. Tukachukua bodaboda.

Askari wa getini alituuliza tumekuja kwa nani. Nikasema makaburini. Akanitazama, akamtazama mtoto na kasha lake la juisi, akaturuhusu.

Ni uwanja uliozungushiwa ukuta, nyasi zimefyekwa vizuri kuliko makaburi mengi ya kwetu, na misalaba imepangwa kwa mistari. Makaburi ni zaidi ya 140. Mzee anayepatunza alikuja anajifuta mikono.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mna ndugu yenu hapa?"

Nikacheka, nikidhani ananitania. Hakuwa anatania. Wengi wanaokuja, alisema, wanatafuta kaburi la bibi, la mama mdogo, la kaka aliyekufa kabla wao hawajazaliwa. Kwa hiyo ni swali analomuuliza kila mtu, hata mtu mweusi kama mkaa kama mimi.

Alichotusimulia, na nilichosoma jioni hii kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia, ni hiki. Mwaka 1939 Poland iligawanywa, Wajerumani upande huu na Wasovieti upande ule. Miaka ya 1940 na 1941 Wasovieti walizoa familia nyingi za mashariki ya nchi, wakazipakia kwenye treni za mizigo hadi Siberia na Kazakhstan. Hitler alipoushambulia Muungano wa Kisovieti mwaka 1941, Wapolandi hao wakageuka kuwa upande mmoja na waliowafunga, wakaachiwa. Mwaka 1942 wakavuka hadi Iran, wenye nguvu wakaingia jeshini, na waliobaki, akina mama na watoto hasa, wakatafutiwa pa kuwekwa. Waingereza wakawatawanya kwenye makoloni yao. Ndivyo watu kama 5,000 walivyojikuta Tengeru, chini ya Mlima Meru, kambi kubwa kuliko nyingine zote za Wapolandi Afrika. Walijengewa nyumba za msonge, nyeupe, za kuezekwa kwa nyasi. Walikuwa na shule, hospitali, kanisa na shamba.

Jaribu kufikiri mwanamke aliyetoka kwenye theluji ya Siberia anaamka asubuhi, kuku wanaparua mlangoni, na mbele yake kuna mgomba. Mimi nimejaribu tangu saa kumi jioni na bado.

Mtoto alikuwa anasoma misalaba kwa sauti. Alifika kwenye jina moja akakwama. "Shangazi, hili halina irabu." Kisha akaacha majina akahamia kwenye miaka. Ni mzuri wa hesabu, anatoa kwa kichwa. "Huyu 67. Huyu 34." Halafu kwenye kaburi dogo kabisa akatoa, akarudia kutoa, hakusema jibu. Nilisogea nikatoa mwenyewe. Miwili. Alikuwa amepitia Siberia tumboni au mgongoni, sijui, akaja kufia Tengeru.

Hapo ndipo nilipokumbuka "kambini". Bibi alikuwa akisema, "Nilipokuwa napeleka ndizi kambini," na sisi wajukuu tulijua ni kambi ya jeshi. Hakuna aliyeuliza ni jeshi gani lililonunua ndizi kwa mtoto wa kike wa miaka 12. Bibi alizaliwa mwaka 1932. Piga hesabu.

Kuna jingine alilokuwa akilisimulia kwa sauti ileile, bila kuinua wala kushusha. Mjomba wake alikuwa na ng'ombe Ngarenanyuki, upande wa pili wa mlima. Novemba 1951 serikali ya Waingereza iliwafukuza Wameru kule, karibu watu 3,000, ili ardhi wapewe masetla wa Kizungu. Nyumba zikachomwa moto. Mwaka uliofuata mwakilishi wao, Kirilo Japhet, alikwenda New York kuyasema hayo mbele ya Umoja wa Mataifa, safari ambayo Wameru walichangishana pesa zao. Hilo tunalijua wote, tulifundishwa. Ambalo sikuwahi kuliweka pamoja ni kwamba miaka michache tu kabla ya hapo serikali hiyohiyo, kwenye mlima huohuo, ilikuwa inawajengea nyumba waliofukuzwa kwao na kunyang'anywa mashamba. Sina kisa na mama wa watu aliyelala pale chini ya msalaba, hakuchagua Tengeru. Lakini nilisimama pale nimekasirika, sijui nimkasirikie nani, na mzee alinyamaza kama mtu aliyezoea wageni wa kila namna.

Kambi ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wengi walikwenda Uingereza, Canada, Australia, maana walikotoka kulikuwa kumeshachukuliwa na Wasovieti. Wachache walibaki hapahapa.

Mzee akaleta daftari la wageni. Nikamuuliza wakija anaongea nao lugha gani, akasema Kiingereza cha kuokoteza, ila kusalimia anawasalimia kwa chao. Akajiweka sawa, akasema, "Dzień dobry." Masikioni mwangu ilikuja kama "jen dobri".

"Maana yake?"

"Habari za mchana. Jen ni siku. Dobri ni nzuri."

"Na ndizi nzuri wanasemaje?"

Akaniangalia. "Hiyo hawajanifundisha. Ila wakila chakula kikawapendeza wanasema dobre."

Mtoto alinivuta gauni. "Shangazi, hilo si la kwetu?"

Niliandika jina kwenye daftari. Safu ya unakotoka, juu yangu pana Warszawa, Kraków, Kraków, London. Nikaandika Arusha, nikaikata, nikaandika Tengeru. Mzee hakukubali hela ya soda hadi nilipomwambia ni ya majani ya kufyeka.

Kurudi tulipitia sokoni, jua linazama, bei zimeshuka. Tulikula loshoro, chakula cha mahindi na maziwa mgando, kwenye kibanda, mtoto alijaribu vijiko viwili akaomba chipsi. Mkungu wa mshale nimeununua, uko hapa jikoni unanitazama.

Nilimpigia Mama saa mbili usiku. Nikamwambia, "Mama, dobre si Kimeru."

"Nani kakwambia?"

"Ni Kipolandi. Cha wale wa kambini."

Akanyamaza kidogo, nikasikia televisheni yake inapunguzwa sauti.

"Kipolandi cha wapi bwana wewe," akasema. "Mama yangu hata Moshi hakuwahi kufika."